Kivuli cha Sajini Lukelo

Wewe hapo, unayetikisa kichwa kabla sijaanza: umewahi kumdhamini mtu? Si kwa mdomo. Kwa ngozi yako. Basi nyamaza kwanza, jibu lako nitalihitaji mwishoni.

Hapo zamani, katika mji wa Ukunguni, ambako mawingu huingia ndani ya nyumba kama wageni wasiobisha hodi, watu hawakuulizana una nini. Waliangalia kivuli. Ukiazima ungo ukaurudisha, kivuli chako kilirefuka kidogo. Ukiazima chumvi ukajifanya umesahau, kilirudi nyuma kama konokono aliyeguswa. Aliyetaka kuazima kitu kikubwa alikwenda kwa Bi Atupele, mpima vivuli, akasimama uani jua likiwa utosini, saa ambayo vivuli vya majivuno vimekwisha na kinachobaki ni cha kweli.

Askari walikuwa na desturi yao. Wakienda mpakani waliacha vivuli nyumbani, kwa maana kivuli humchongea mlinzi kwa adui. Sajini Lukelo alikikunja chake, akakitia mtungini, akamwachia dada yake Tusekile, akaenda.

Alirudi kichwa kimekuwa cheupe, mguu mmoja mzito, medali kifuani. Akafunua mtungi. Mtupu.

"Vivuli hufifia visipotumika, kaka," alisema Tusekile, akiendelea kuchambua maharage.

Lukelo alitaka kuazima mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, wa kuanzia maisha. Asingempata, angerudi kusimama kwenye lango la mtu, kulinda mali isiyo yake mpaka afe. Bi Atupele alimtazama miguuni. Chini kweupe.

"Mama, mimi nimelinda mpaka ujana wangu wote."

"Mpaka unakushukuru."

"Nina medali."

"Nzuri. Haikamuliwi."

Wa kwanza kumsaidia alikuwa jirani yake Sekela, mfinyanzi. "Azima ungo wangu," alimwambia.

"Siuhitaji."

"Ndiyo maana uuazime. Chukua kitu kidogo, rudisha kabla sijakikumbuka."

Jeshini alipewa kila kitu, buti na blanketi na maharage. Hakuwahi kuazima hata sindano. Basi akaazima ungo, akarudisha. Akaazima chumvi, akarudisha. Akaazima mwiko, akaurudisha ameusugua mpaka Sekela akauliza kama unakwenda kwenye gwaride. Na chini ya nyayo za Lukelo kitu cheusi kikaanza kuchipua, laini kama unyevu ukutani.

Lakini mtamba alitaka kivuli kirefu zaidi. Akaja wa pili, Ngole, waliyelala naye handaki moja. Ngole alikata pindo la kivuli chake, akalishonea kwenye cha Lukelo.

"Ukitoroka na ng'ombe, afande, mimi ndiye nitakayebaki mfupi."

Tangu hapo, Ngole alipopita juani watu walimtania kwamba amevaa kivuli cha mjukuu wake. Yeye alitembea tu.

Halafu, mchana mmoja wa ukungu, akafika mtu mwenye buti zinazong'aa. "Nimetumwa kwa wapiganaji wetu wastaafu," alisema. "Tunawanyooshea vivuli, bure. Wewe jilaze tu, sajini." Askari akiamriwa kwa sauti nzuri hutii. Lukelo akalala, akaota mpaka, mto, na watu wasio na vivuli wakivuka.

Tusekile alitoka jikoni na majivu ya moto, akayamwaga kwenye kisigino cha kushoto cha kaka yake. Palepale. Vidole vya mgeni vilikuwa tayari hapo, vimeanza kukunja. Mgeni akapiga yowe, akapotelea ukunguni, kivuli kikabaki.

Bi Atupele akapima, akamtoa mtamba. Mtamba akazaa. Na desturi ya Ukunguni ni hii: ndama wa kwanza si wa aliyeazima, ni wa aliyemfanya awe na kivuli. Watu wakakusanyika uani kwa Bi Atupele, aliyekaa akitafuna karanga.

Sekela akasema, "Bila ungo wangu angekuwa anapungia medali hadi leo. Ndama wangu."

Ngole akasema, "Yeye aliazimisha ungo akarudishiwa ungo. Mimi pindo langu bado liko kwake. Ndama wangu."

Tusekile akasema, "Mlijenga, sawa. Kingeibiwa mngejenga nini tena? Ndama wangu."

Watu wakaguna, kila neno lilikuwa na uzito wake. Lukelo hakuguna. Alikuwa anamtazama dada yake.

"Dada, ulijuaje kwamba kinakunjwa kuanzia kisigino cha kushoto?"

"Cha kulia hakiachii."

"Nani alikwambia hakiachii? Mimi sikumfundisha mtu."

Ndama alikuwa ananyonya. Tusekile akajifunga khanga upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Mama alipofariki ulikuwa mpakani," alisema. "Waombolezaji walijaa, ghala halina kitu. Nikakitoa kivuli chako mtungini, nikakijaribu kisigino cha kulia, nikakijaribu cha kushoto, nikakivaa. Nikavuka nacho mto, nikakitumia kuazima mtama. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa matanga yenyewe. Mvua ikagoma, sikurudisha, kikaliwa chote. Hakikufifia, kaka. Nilikiiba mimi. Na ninyi nyote mliopo hapa mlikula, mkaomba kuongezwa."

Bi Atupele akaacha kutafuna.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa: ndama apewe nani?