Bi Pimbi na Viwanja Viwili Visivyoitikia Hodi

Hapo zamani za kale, na mtu asiniulize mwaka gani maana shule mimi niliiona kwa dirisha, wanyama walikuwa na miji, na miji ilikuwa na wenyewe. Shamte, toa kidole puani. Hadithi inaingia kwa masikio.

Mji mmoja ulikuwa juu ya kilima. Mwenyewe Ndovu. Mji wa pili ulikuwa ng'ambo, kando ya bwawa. Mwenyewe Kiboko. Katikati yao palipita mto mkavu, mchanga mtupu, ambao haukuwa wa mtu.

Kila Jumamosi wanyama wa porini walikuja mjini kutembea. Wanaoga, wanavaa, wanawafuta watoto mafua, haooo! Wakifika pale mtoni wanasimama wanabishana.

"Leo twende kwa Ndovu, uwanja wake mpana."

"Aa, kwa Kiboko kuna maua na maji, kuzuri kupunga upepo."

Basi Ndovu na Kiboko hawakulala kwa wivu. Mmoja akipaka chokaa mawe yake, mwenzake anapaka na miti. Wakubwa wazima!

Sasa katika uwanja wa Ndovu alikaa Bi Pimbi, anakaanga vitumbua. Pimbi mnamjua, yule wa majabalini, mdogo kama sungura, mkia hana. Mkia hana lakini ulimi anao. Na katika uwanja wa Kiboko alikaa Kanga na kitana chake, anasuka nywele. Mgeni akipiga hodi, ni hao walioitikia: "Karibu! Karibu, pole na njia, keti!"

Siku moja Ndovu akatazama uwanja wake, akaona moshi.

"Bi Pimbi!"

"Abee, Mzee."

"Moshi huu wa nini?"

"Wa vitumbua, Mzee. Bila moshi ungekula uji."

"Kiboko kaufagia uwanja wake, hata jani halionekani. Jumamosi wageni wote watakwenda kwake, na mimi nitachekwa. Ondoka."

"Niende wapi, Mzee Ndovu? Nina watoto wanne, na kula yao yote iko ndani ya kikaango hiki."

"Nenda unakojua."

Akanyanyua mguu. Bwaa! Jiko la udongo likawa unga. Kikaango chenyewe Bi Pimbi alikinyakua kikiwa bado cha moto, akakimbia nacho anakirusha mkono huu, mkono huu, "Ush! Ush! Ush!"

Akashuka hadi mtoni, nia yake avuke aende kwa Kiboko. Kumbe Kanga naye anakuja kutoka ng'ambo, kitana kwapani, analia "Ke-ke-ke!"

"Usijisumbue, shoga," Kanga akasema. "Na kwetu kumefagiliwa. Eti manyoya yangu yanachafua uwanja. Yake yeye hana hata moja, ndiyo maana anaona vibaya."

Wakaketi mchangani, jua linawachoma utosi. Watoto wa Bi Pimbi wakauliza, "Mama, leo tunakula nini?" Bi Pimbi akawaambia, "Leo tunakula maneno. Nyamazeni."

Jumamosi ikafika. Ngiri akaja na mkewe na watoto watano, mikia juu, tii! Wakaanza kwa Ndovu. Wakasimama mdomoni mwa uwanja, kama adabu inavyotaka.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Ndovu alikuwepo! Kakaa kwenye kiti chake katikati, kifua mbele, anasubiri asifiwe. Alisikia, na masikio yale akose kusikia? Lakini moyoni alisema, "Mimi mwenye mji, nimwitikie hodi Ngiri? Hiyo kazi ya wapishi." Akasahau kwamba mpishi kamfukuza.

Na ninyi nimewafunza: hodi tatu zisipoitikiwa, mtu mwenye adabu anafanya nini? Anageuka anaondoka. Haingii nyumba ya watu kama mbuzi.

"Pengine wamefiwa," mke wa Ngiri akanong'ona. "Tusiwasumbue."

Wakaenda kwa Kiboko. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiboko yumo bwawani, pua mbili tu juu ya maji, "Fffuu," anangoja waseme maua mazuri. Wakageuka. Wakapita mtoni wanarudi porini, watoto watano wanalia njaa, mikia chini.

"Umeona, Kanga?" akauliza Bi Pimbi.

"Nimeona watoto wanalia."

"Mimi nimeona uwanja."

"Uwanja gani?"

"Huu tulioukalia."

"Huu mchanga? Kivuli hakuna, kiti hakuna, maji hakuna, hata figa la kutegea kikaango hakuna!"

"Vitaletwa."

"Na nani?"

"Na waliotufukuza."

Kanga akacheka mpaka manyoya yakamtoka.

Jumapili asubuhi Bi Pimbi akapanda kilimani, akaingia moja kwa moja bila hodi. Mfukuzwa si mgeni.

"Shikamoo, Mzee Ndovu. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Jana wageni walikaa kwako muda gani?"

Ndovu akakohoa. "Muda wa... kutosha."

"Kwa kuwa unajua, basi niende zangu."

"Njoo hapa! Sema ulilonalo."

"Mimi sitaki fitina, Mzee. Ila nasikia Kiboko anajenga banda pale mtoni. Wageni wakishuka watakaa kivulini kwake. Wakishakaa, nani atawanyanyua wapande kilima chako?"

"Banda! Kubwa?"

"Litakuwa kubwa la Kiboko."

"Basi la kwangu litakuwa mara mbili!"

Uwongo mtupu. Kiboko wa watu alikuwa usingizini. Lakini Ndovu hakuuliza. Akang'oa nguzo, kwacha! Akabeba magogo, gudu-gudu-gudu! Adhuhuri banda limesimama pale mtoni, limeezekwa, na magogo ya kukalia yamepangwa safu.

Bi Pimbi huyoo, kavuka kwenda bwawani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Umeamka salama, na jirani anakufanyia vile?"

"Vipi tena?"

"Toa kichwa uone."

Kiboko akatoa kichwa, macho yakamtoka. "Ndovu kajenga banda! Atanimalizia wageni wangu!"

"Atawamaliza kweli. Bahati yako kasahau kitu kimoja. Wageni wa porini wanakuja na nini?"

"Na watoto."

"Na kiu, Mzee. Na kiu."

"Maji yangu mimi!" Kiboko akanguruma. Akachimba mfereji kutoka bwawani, kwa mdomo, kwa miguu, kwa tumbo, pwata-pwata-pwata, mpaka maji matamu yakafika kando ya banda. Alipomaliza alikuwa tope tupu. Kanga alitaka kucheka, Bi Pimbi akamkanyaga kidole.

Ndovu akashuka mbio. "Maji yako yanafanya nini kwenye banda langu?"

"Banda lako linafanya nini kwenye mchanga wangu?"

"Mchanga wako tangu lini, tumbo weye!"

"Tangu kabla hujaota hiyo pua ya kufagilia!"

Wakaanza kusukumana, mchanga unaruka. Bi Pimbi akaona banda litaanguka kabla hajapika hata kitumbua kimoja. Akapanda juu ya gogo.

"Wazee wangu! Wageni wakiwaona hivi, watasema miji yote miwili haina adabu. Wekeni mpaka. Kila mmoja alete jiwe lake, yaishe."

"Nitaleta jabali!" akasema Ndovu.

"Na mimi majabali mawili!"

"Wageni wajikwae wawaapize? Leteni mawe ya kiasi cha boga. Na yakae karibu karibu, shibiri moja tu baina yake. Mkiyaachanisha mbali, ule mchanga wa katikati utakuwa wa nani?"

Wakubwa wakatazamana. Hilo hawakuwa wamelifikiria. Ndovu akaleta jiwe, Kiboko akaleta jiwe, wakayakita chini ya ukingo wa banda, shibiri moja.

"Sasa apeni," akasema Bi Pimbi.

Wakaapa mbele ya Kanga. Atakayeligusa jiwe lake akalisogeza, hata kidogo, mchanga wote ni wa mwenzake, na banda, na maji. Wakaenda zao wamenuna, kila mmoja anajiona kashinda.

Walipotokomea, Bi Pimbi akajifunga leso yake kiunoni, akaenda kando ya mto, akasukuma jiwe lake mwenyewe, la tatu. Mdogo yule! Alisukuma kwa mgongo, akapumzika, akasukuma. Akalitia karibu na yale mawili. Mwasumbi, wewe unayechochea moto kila siku, hebu niambie mawe matatu yaliyokaa hivyo yanaitwaje?

Ehe. Mafiga.

Jumamosi ya pili, jua limechomoza tu, mafuta yakaanza. Chwaaa! Harufu ya iliki ikapanda kilimani, ikashuka bwawani, ikaingia porini ikawavuta watu pua. Ngiri na mkewe na watoto watano wakaja mbio.

"Hodi!"

"Karibuuu!" Bi Pimbi na Kanga wakaitika kwa pamoja. "Karibu, Baba Ngiri! Karibu, mama! Poleni na njia, kaeni kivulini, maji hayo hapo!"

Mke wa Ngiri akashika kifua. "Jamani, tumeitikiwa!"

Wakaja swala, wakaja nyani, akaja Twiga akasukwa kale kanywele kake ka shingoni, Kanga kapanda juu ya gogo. Kila aliyekuja kaja na kibaba chake cha mchele, kwa hiyo kikaango hakikupoa. Kobe akaleta ngoma. Ti-ti-tam, ti-ti-tam! Watoto wa Bi Pimbi wakala mpaka wakahema. Vicheko, vumbi, vifijo, Jumamosi kama arusi.

Na kilimani je? Ndovu kakaa peke yake, kifua mbele. Anasikia ngoma, anasema, "Wote wako kwa Kiboko." Na Kiboko bwawani anasema, "Wote wako kwa Ndovu." Mwishowe kila mmoja akashindwa, akashuka kuchungulia, ananyata. Mnamjua Ndovu akinyata? Dii. Dii. Dii.

Wakakutana bandani, pua kwa pua.

"Wewe si uko na wageni?"

"Wewe je?"

Ndipo wakageuka, wakaona. Wageni wote pale. Na katikati, moshi. Na chini ya moshi, Bi Pimbi.

"Wewe!" Ndovu akapiga kelele, ngoma ikanyamaza. "Nilikufukuza uwanjani kwangu, umejenga uwanja wako!"

"Sijajenga mimi, Mzee. Mimi nina nguvu gani? Banda umejenga wewe. Maji kaleta Mzee Kiboko. Mimi nimeleta jiwe moja tu."

Ndovu akanyanyua mguu. Ule ule. Ukasimama juu ya jiko, kivuli chake kikawafunika Bi Pimbi na watoto wake wote wanne. Kanga akafumba macho.

Bi Pimbi akageuza kitumbua.

"Kanyaga," akasema. "Ila tazama kwanza unachokanyaga. Hilo la kulia ni jiwe lako la mpaka. Likisogea, kiapo chako kipo, na shahidi yupo hapa na kitana chake."

"Kanyaga!" Kiboko akaruka kwa furaha. "Kanyaga, ndugu yangu, kanyaga kwa nguvu! Mchanga wote wangu!"

Mguu ukaenda kushoto.

"Hilo ni la Mzee Kiboko," akasema Bi Pimbi. "Ukiligusa utaambiwa umevunja mpaka wa jirani. Na langu limebanwa baina ya yenu. Huwezi kulikanyaga peke yake kwa mguu wa upana huo, labda uazime wa kwangu."

Mtoto mmoja wa Ngiri akacheka, "Kwi!" Kisha nyani. Kisha wote, mpaka Twiga akashikilia nguzo.

Ndovu akaushusha mguu taratibu, pembeni kabisa, kama anayekwepa yai. Na hapo tumbo lake, tangu asubuhi tupu, likanguruma: nguuurrr!

"Basi," akasema akitazama kando, "nipe kimoja."

"Hodi hupigi?"

"Hodi? Kwenye banda nililolijenga kwa pua yangu?"

"Banda lako, Mzee. Jiko langu."

Ndovu akarudi nyuma mpaka ukingoni. Akasema kwa sauti ya mbu, "Hodi."

Kimya. Bi Pimbi akapuliza moto.

"Hodi hapa."

Kimya. Bi Pimbi akamwaga kijiko cha unga. Chwaaa. Ndovu sasa akaanza kuhesabu. Imebaki moja tu, na baada ya hiyo adabu inamtaka ageuke apande kilima, akakae peke yake na mawe yake ya chokaa. Macho yakamjaa maji.

"Hodi... hodi wenyewe."

Bi Pimbi akamtazama weee. Akaona aibu hiyo inamtosha.

"Karibu, Mzee. Pole na njia. Kaa gogo la mwisho, hayo mengine yatavunjika."

Nyuma ya Ndovu, Kiboko hakutaka kungoja yamkute. "Hodi-hodi-hodi!" akazipiga zote tatu kwa pumzi moja.

Kobe akarudia ngoma, vitumbua vikaenda, na tangu siku ile Jumamosi zote zikawa za mtoni. Mafiga yale yapo mpaka leo, hakuna mkubwa aliyethubutu kuyasogeza.

Hadithi imeiva, naiepua. Ninyi mkija kupewa miji yenu, msisahau: mgeni haendi kunakong'aa, mgeni anakwenda anakoitikiwa.