Mbeleje na Maksai Aliyekufa Ghafla

"Sogeeni, sogeeni!"
"Tumesogea!"
"Niwape chungu au tamu?"
"Tupe zote!"

Haya. Zamani hizo, huko Ugogo, kulikuwa na mwanamke aitwaye Mbeleje. Mumewe, Chalula, alikuwa na zizi la ng'ombe arobaini, na majivuno ya ng'ombe mia.

Mwaka huo jua likawaka, likawaka, likawaka. Nyasi zikaisha, ng'ombe wakawa wanalamba vumbi. Asubuhi moja maksai mkubwa wa Chalula akaanguka, pu! Amekufa. Jana alikuwa mzima. Damu nyeusi ikamtoka puani, wala haikuganda.

Watu wenye njaa huwa hawaulizi amekufaje. Walikuja na visu, na mbele yao alikuwa Ndahani, mchunaji hodari wa kijiji.

Mbeleje akasimama mbele ya maksai.

"Usiguse, usikate, usile! Baba yangu alichuna ng'ombe aliyekufa hivi hivi. Siku ya tatu akatoka kidonda cheusi. Siku ya saba tukamzika. Hiki ni kimeta!"

"Shemeji," akasema Ndahani, "baba yako alikuwa mzee. Wazee hufa."

Mbeleje akawaendea kina mama: "Usiguse, usikate, usile!" Wakamwonyesha masufuria matupu.

Akamwendea mumewe: "Usiguse, usikate, usile!" Chalula akang'aka, "Mke wangu, unataka niitwe mchoyo kijiji kizima?"

Mnaona? Mara tatu amesema, mara tatu amekataliwa. Ningekuwa mimi ningekaa chini nikalia. Yeye akacheka!

"Basi, kuleni! Ila maksai mkubwa hivi ataivaje kwa vijiti viwili? Kila mtu alete kuni. Asiyeleta asile."

Loo! Walikimbia porini. Wakaleta mzigo wa kwanza, wakaleta wa pili, wakaleta wa tatu. Mbeleje akawa anapanga. Akazipanga kulia, akazipanga kushoto, akazipanga juu hadi maksai haonekani.

"Mbona unamfunika?" akauliza Ndahani. "Sijamchuna!"

Mbeleje akamwaga mafuta ya taa, akawasha kiberiti.

Moto ukaruka juu! Watu wakapiga kelele. Maksai akaungua na ngozi yake, na damu yake, hadi ardhi iliyokuwa chini yake.

"Kesho urudi kwenu!" akafoka Chalula.

"Nitarudi," akasema Mbeleje, machozi yakimtoka. "Nikuache hai."

Lakini siku ya pili ilikuwa ya kufunga mizigo, na siku ya tatu mke wa Ndahani akaja mbio. Kumbe kabla ya yote Ndahani alikuwa amekata mkia wa maksai kwa siri, atengeneze usinga! Sasa mkononi ana kidonda. Hakiumi, ila katikati ni cheusi kama mkaa.

Mbeleje akaweka mizigo chini. Akauchoma ule mkia, akamsukuma Ndahani mpaka zahanati. Njia nzima yule hodari akilia, "Shemeji, nitakufa?"

"Baba yangu alichelewa. Wewe umewahi. Tembea!"

Ndahani akachomwa sindano, akapewa vidonge. Baada ya majuma mawili akarudi na kovu, akazunguka nyumba kwa nyumba: "Usiguse, usikate, usile! Tazameni mkono wangu!" Na mganga wa zahanati akapeleka habari kwa bwana mifugo.

Bwana mifugo akaja na chanjo. Watu wakaswaga ng'ombe wao, vumbi likatimka, na Ndahani ndiye aliyekuwa akishika pembe. Hakuna mwingine aliyeugua, si mtu wala mnyama.

Zamu ya zizi la Chalula ilipofika, bwana mifugo akatoa daftari. "Mwenye ng'ombe hawa ni nani?"

Chalula akamtazama mkewe.

"Andika Mbeleje," akasema. "Mimi nilitaka kuwaua watu."

"Mmesikia?"
"Tumesikia!"
"Mimi nimeitua hapa. Aliyekuwapo amwambie asiyekuwapo!"