Kamba ya Kuni ya Namweta

Nina ngano kichwani.

— Itue tuione.

Ni nzito kidogo.

— Tutakusaidia kuitua.

Basi hapo kale, wakati wanyama na watu walikuwa bado wanasalimiana njiani, palikuwa na mwanamke kijana aliyeitwa Namweta. Aliishi kijiji cha mlimani. Alikuwa mwenye haya sana. Mbele ya wanaume hata chafya aliibana. Alikuwa na mume, Kaoneka, mwindaji. Alikuwa na mtoto wa mgongoni, Singano. Na alikuwa na kamba ya kuni aliyosukiwa na mama yake siku alipoolewa. Kamba hiyo ilipotea tangu mavuno, na kila siku Namweta alifunga kuni kwa majani ya mgomba, zikamwagika njiani.

Aliyemwambia kwanza iliko kamba hiyo alikuwa Kwale.

Namweta alikuwa chemchemini anachota maji. Kwale akatoka kwenye nyasi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Namweta, Namweta, kamba yako ninajua iliko."

"Iko wapi, dada Kwale?"

"Inaning'inia juu ya jiko lako mwenyewe. Siku hizi inaitwa mkia wa chui."

Hapo mwanzo Namweta hakuelewa. Lakini ninyi mtaelewa, maana nitawaambia desturi ya kijiji kile.

Wawindaji wa huko walichimba mashimo njiani, wakayafunika kwa majani. Chui akitumbukia, hachomwi mkuki kabla hajapimwa. Ndiyo desturi. Mwindaji humteremshia kamba, kutoka pua mpaka ncha ya mkia, akaikata hapo. Kamba ile huitundika juu ya jiko, kwenye moshi. Kila mwaka baada ya mavuno, kamba hupelekwa uwanjani kwa Jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe huzipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mwenye kamba ndefu hunywa pombe ya mavuno kwanza.

Wawindaji walikuwa watatu: Sheuya, Mbilu na Kaoneka. Ngozi ya chui hakuna aliyekuwa nayo. Ya Sheuya, alisema, ililiwa na siafu. Ya Mbilu ilichukuliwa na mto. Ya Kaoneka iliangukia korongoni. Lakini kamba walikuwa nazo, na kamba ndiyo iliyokuwa shahidi.

Kila jioni walikaa nje kwa Kaoneka, wakapimana kwa maneno.

Sheuya alikuwa akisema, "Chui wangu mwacheni. Alipolala, kichwa kilikuwa bondeni, mkia uko huku kijijini."

Mbilu akamjibu, "Huyo wako alikuwa paka wa jikoni. Wangu alipopiga miayo, popo walidhani ni pango, wakaingia kulala."

Kaoneka alikuwa mfupi, na maneno yake hayakutoka haraka. Akafikiri, akasema, "Wangu sikuwahi kumwona mwili wote."

"Kwa nini?"

"Nilianza kumtazama asubuhi kwenye masikio. Jua likazama nikiwa kiunoni."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Namweta jikoni akacheka peke yake, mdomo ameuficha kwa upawa.

Haya, turudi chemchemini.

Kwale akasema, "Kamba si kitu, Namweta. Kuna jambo jingine. Kuku wa Jumbe wamenisimulia. Chui anakula mbuzi wa kijiji, na Jumbe amechoka. Kesho kamba zitapimwa. Mwenye kamba ndefu atapewa mkuki aende pangoni peke yake, maana aliyemuua chui mkubwa kuliko wote hahitaji msaidizi."

Namweta akaweka mtungi chini. "Na kamba ndefu ni ya nani?"

"Mume wako ameunga yako yote kwenye yake. Mkubwa ni nani tena?"

"Dada Kwale, nifanye nini?"

"Mimi ni ndege wa nyasini, usiniulize mambo ya pangoni. Muulize Chui mwenyewe. Asubuhi hii ameshiba."

Namweta akamfunga Singano mgongoni vizuri, akapanda. Alitembea, akatembea, akatembea. Njiani alipita shimo moja, akalizunguka. Akapita la pili, akalizunguka. La tatu nusura atumbukie. Alipofika pangoni, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mdudu.

"Hodi, mama."

"Karibu," alijibu Chui kutoka ndani. "Lakini kaa hapohapo ulipo. Nina watoto wawili, na wanakwaruza."

Namweta akakaa juu ya jiwe. Akaeleza habari ya kamba. Ya Sheuya sasa ina mikono saba, ya Mbilu ina mikono minane, na ya mume wake itakuwa kumi.

Chui akatoa kichwa nje. "Mikono kumi? Huyo si chui, huyo ni njia. Mimi nina mikono mitano, na katika mlima huu hakuna mkubwa kama mimi. Najua, maana nimepimwa mara tatu."

"Mara tatu, mama?"

"Na hao hao watatu wenu. Wa kwanza alikuwa mrefu, ana pengo. Nilitumbukia kwenye shimo lake, akanipima. Nililala nikajinyoosha, maana hata mimi nilitaka kujua. Alipomaliza, akakimbia kwenda kuita watu waje wamsifu. Nikaparamia mzizi, nikatoka."

"Huyo ni Sheuya."

"Wa pili alikuwa mnene. Naye akanipima. Kisha akakaa ukingoni kujitungia wimbo. Alipofika ubeti wa nne, mimi nilikuwa nyumbani."

"Huyo ni Mbilu." Namweta akamkaza Singano mgongoni. Halafu akauliza. "Na wa tatu?"

"Wa tatu ni mfupi, ana kovu kidevuni, na anaongea peke yake."

"Huyo ni mume wangu."

"Alinipima, akashika mkuki. Kisha akaliona tumbo langu. Akasema, 'Na wewe pia?' Akauweka mkuki chini. Halafu akaniteremshia gogo, akanipa kisogo ili nipande bila kuona haya."

Namweta akakunja vidole kimoja kimoja. Alihesabu miezi. Siku zile Singano alikuwa tumboni.

"Kwetu alisema amekuua," akasema mwishowe.

"Angewaambia nini wenzake? Kwamba alimhurumia chui?"

"Na mbuzi wetu, mama? Ni wewe?"

"Ni mimi. Sikufichi. Waume zenu wamechimba mashimo kila njia wakitafuta chui mrefu zaidi. Siwezi kuvuka na watoto kwenda ng'ambo kwenye nguruwe pori. Mbuzi wenu wananuka moshi, hata siwapendi. Yafukiwe mashimo ya njia ya juu tu, na hamtaniona tena." Akawavuta watoto wake kwa mkono. "Lakini sikiliza, mama Singano. Kesho mume wako akija hapa na mkuki, sitangoja aongee peke yake. Nitaruka. Alinipa gogo, sijasahau. Lakini nina watoto."

"Ningekuwa wewe, nami ningeruka," alisema Namweta. Akaaga, akateremka.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, akampakulia mume wake ugali na kunde. Akamngoja amege tonge.

"Baba Singano, hujaiona kamba yangu ya kuni?"

"Kamba? Labda mchwa."

"Leo nimeonana na chui wako."

Tonge likasimama njiani. "Yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Kaoneka akatazama moshi wa jiko.

"Amekusalimu. Alijifungua salama. Wawili, na wanakwaruza."

Kaoneka akalirudisha tonge kwenye sahani. Akatazama mikono yake, akamtazama mtoto. "Nilitaka kukwambia. Nilirudi siku ile, nikawakuta Sheuya na Mbilu wameketi hapa nje. Wakaniuliza, 'Umepata?' Nikasema nimepata. Kisha wao wakaunga zao, na yangu ikawa fupi, nikachekwa. Basi nikaona kamba yako imekaa pale."

"Unajua kesho mwenye kamba ndefu anatumwa wapi?"

"Nimesikia leo mchana."

"Basi sema kweli."

"Watanicheka mpaka huyu mtoto aote ndevu."

"Wakucheke. Nitakupikia huku wanakucheka."

Kaoneka akatikisa kichwa. "Nimejaribu njia nzima nikirudi, mama Singano. Nimejaribu peke yangu, hakuna mtu, na bado ulimi unasema kumi. Nikisimama mbele ya Jumbe nitasema kumi, kisha nitakwenda."

Namweta akaondoa sahani. Hakubishana. Lakini alipokuwa akiiosha, aliiosha mara tatu.

Asubuhi watu wakakusanyika uwanjani. Wanaume mbele, wanawake nyuma karibu na vinu, maana desturi ilikuwa hivyo, na mambo ya kupima chui hayakuwahusu wanawake. Jumbe alikuwa mzee, macho yamepungua. Akaishika kamba ya Sheuya, akaipima kwa mkono.

"Saba."

Wanaume wakasema, "Ahaa."

Akaishika ya Mbilu. "Minane."

Wakasema, "Ahaa."

Akaishika ya Kaoneka. Akapima, akapima, akapumzika, akapima. "Kumi."

Wanaume wakasahau hata kusema "Ahaa." Jumbe akachukua mkuki. "Kaoneka, wewe ndiye mkubwa wetu. Pangoni yuko chui mmoja tu, na wewe umeua wa mikono kumi. Nenda, sisi tutakungoja hapa."

Kaoneka akanyoosha mkono kuupokea mkuki.

Namweta akataka kusimama. Miguu ikakataa. Akataka tena, ikakataa. Mara ya tatu ikakubali. Akapita katikati ya wanaume na mtoto wake mgongoni, macho chini, mpaka mbele.

"Jumbe, naomba kamba yangu."

"Kamba gani, binti?"

"Ya kuni. Nimeikosa tangu mavuno, na jua limeshapanda."

Mtu mmoja akacheka. Jumbe akasema, "Mwacheni. Iko wapi?"

Namweta akaichukua kamba ya mume wake mkononi mwa Jumbe. Akatafuta kwa vidole, akafika katikati, akafungua kiungo. Nusu moja ikabaki mkononi, nusu moja ikaanguka chini.

"Hii imesokotwa," akasema. "Wanaume husokota, pajani. Hii nyingine imesukwa, nyuzi nne. Ameisuka mama yangu. Hapa kijijini hakuna mwanamume anayejua kusuka."

Wanaume wakainama kutazama. Kisha huko nyuma mke wa Mbilu akainuka. "Hebu niione na hiyo ya bwana wangu. Nami kamba yangu ilikatwa nusu, nikaambiwa ni panya."

Mke wa Sheuya alikuwa tayari yuko njiani. "Mimi niliambiwa ni ng'ombe ameila."

Wanawake wakafungua viungo vyote, kila mmoja akachukua kipande chake. Jumbe akapima tena zilizobaki. Ya Sheuya, mitano. Ya Mbilu, mitano. Ya Kaoneka, mitano.

"Chui watatu wa kimo kimoja?" akauliza.

"Chui mmoja, Jumbe," akasema Namweta. Akainua macho. "Ndiye huyo wa pangoni. Kwa Sheuya aliponyoka, kwa Mbilu aliponyoka. Kwa mume wangu hakuponyoka. Mume wangu alimtoa mwenyewe, maana alikuwa na mimba. Anakula mbuzi kwa sababu mashimo yamemfungia njia yeye na watoto. Yakifukiwa ya njia ya juu, ataondoka. Ameniambia."

Jumbe akamgeukia Kaoneka. "Mke wako anasema kweli?"

Kaoneka akafungua mdomo. Watu wote wakamtazama, na Namweta akamtazama. "Mitano," akasema. "Alikuwa na mikono mitano, Jumbe. Na nilimpa gogo."

Jumbe akaanza kucheka. Alicheka mpaka mkuki ukamtoka mkononi. Kijiji kizima kikacheka. Sheuya na Mbilu wakachekwa, Kaoneka akachekwa, kisha na wao watatu wakajicheka. Jumbe alipopata pumzi akasema, "Wakubwa wangu watatu, acheni mikuki hapa. Chukueni majembe. Nendeni pamoja mkafukie, na mwaka huu atakayekunywa kwanza ni huyu binti."

Lakini Namweta hakungoja kunywa. Aliikunja kamba yake, akaitia kwapani, akaenda kutafuta kuni. Alipofika njia ya juu aliwakuta wale watatu wanafukia shimo la mwisho, wanabishana nani alichimba refu zaidi. Kaoneka alipomwona, akaacha jembe, akamsaidia kufunga mzigo. Mzigo ukafungika vizuri, haukumwaga hata kijiti. Na kule mbele, kwenye udongo laini, palikuwa na nyayo za mnyama mmoja mkubwa, na pembeni yake za wadogo wawili, zimevuka kwenda ng'ambo.

Ngano hii inatufundisha hivi: mtu hawi mkubwa kwa kile anachodai amekiua. Na ukifanya jambo la huruma, usilifiche kwa maneno ya ushujaa, maana maneno hayo ndiyo yatakayokutuma pangoni peke yako.

Nimeitua ngano yangu hapa. Anayeiona nyepesi aibebe, anayeiona nzito aibebe na mwenzake.

— Tumeipokea, tunakwenda nayo nyumbani.