Mguu Uliokaa Kabatini

Kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake ni kwamba ujuzi mmoja, hata uwe mkali kama wembe, huhitaji mwenzake.

Mama mmoja, fundi wa miguu bandia hospitalini, hakuwa na muda na maneno hayo. Binti yake, kitindamimba, alisomea kazi hiyohiyo chuoni, na muhula mmoja akajiandikisha pia katika somo la fasihi simulizi. Mama alikuja juu. Alimwuliza kama ngano ndizo zitakazokaza skrubu. Hakumwambia kwamba ujanani naye alilitamani somo hilo, na kwamba kila alipopita nje ya darasa lile akasikia watu wakicheka, miguu ilimwia mizito.

Likizoni binti alikuja kujifunza kazi katika karakana ya mama yake. Siku hiyo mshonaji mmoja alirudisha mguu wake wa bandia wa kulia. Ulikuwa umepimwa ukapimika, lakini ulikuwa umekaa kabatini miezi minne.

"Mpe mwingine," alisema. "Mimi haunifai."

Mama aliupima upya, akaona hauna kasoro. Akamwambia mshonaji aache kudeka, afanye mazoezi. Mshonaji akayashika magongo yake ainuke.

Binti alimvutia kiti. Hakushika futi wala kalamu.

"Mzee, tangu uumie, unakosa nini zaidi?"

Mshonaji aliyalaza magongo sakafuni.

"Sauti ya cherehani," alisema.

Akasimulia. Miaka ishirini na sita alikanyaga cherehani sebuleni, na mkewe jikoni akaufuatisha mlio ule kwa kuimba puani. Sasa nyumba ilikuwa bubu. Mguu wa kushoto peke yake ulichoka upesi, na huu wa bandia kifundo chake kilikuwa kigumu kama mchi, haukuweza kulisukuma kanyagio.

"Mbona hukuniambia?" mama aliuliza.

"Uliniuliza kama natembea, fundi. Natembea."

Mama aliuweka mguu mezani. Alivuta droo, akatoa kifundo kinachokunjika, akakifunga yeye mwenyewe. Alasiri yeye na binti waliongozana na mshonaji hadi kwake. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Akaifunua, akaweka miguu yote miwili juu ya kanyagio. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Jikoni sufuria ziliacha kugongana. Kisha mtu akaanza kuimba puani, taratibu, kama anayejaribu njia aliyoipita zamani.

Mama alisimama mlangoni hata pale ambapo hapakuwa na kazi tena ya kumsimamisha.

Njiani wakirudi, mama alipunguza mwendo.

"Somo lenu hilo," alisema mwishowe, "wanapokea watu wazima?"

"Wanapokea, mama. Ila skrubu utaziacha mlangoni."

Mama alicheka, akafuta macho kwa kiganja chenye grisi. Mkono wake ulijua kufunga kifundo, lakini bila sikio la bintiye mguu ule ungerudi kabatini. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.