Paji la Nta

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Anayetaka kucheka akacheke nje, hii ya leo ni ya machozi.

Hapo zamani za kale palikuwa na mzinga wa nyuki, na ndani yake chumba cha joto. Mkubwa wa chumba alikuwa Mwanatumu. Mlikuwa na giza humo, hakuna aliyemwona mwenzake. Basi mila yao ilikuwa hii: watoto wakiona baridi, Malkia humtuma mjumbe. Mjumbe hutia paji la uso katika tundu la mlango. Likiingia sawasawa, Mwanatumu na wenzake hupiga mbawa, vuuu! joto likaenea mzingani. Akilitoa, nao hupumzika. Kuuliza "Nani?" kulikuwa utovu wa adabu.

Mdogo wake Mwanatumu, Sikudhani, alikuwa mlinzi wa lango. Siku moja wakaja nondo kula masega. Walinzi wakafinyanga nta, wakaibandika kwenye mapaji yao, kila mmoja kwa umbo lake, wapate kumbana adui. Pu! Pu! Nondo wakakimbia.

"Na wakirudi?" akasema Sikudhani. "Dada yangu yumo ndani. Nitauziba mlango wake kwa kichwa changu."

Akatia paji. Maskini! Nta yake ilikuwa na umbo la paji la mjumbe.

Vuuu!

Malkia akaona joto limezidi. Akawazuia wajumbe wote. Vuuu! Asali ikaliwa, ikaisha. Vuuu! Masega yakaanza kulainika.

"Dada, tumechoka," wenzake wakalia.

"Hata mimi. Lakini paji lipo mlangoni. Tupige."

Nje, Sikudhani aliusikia mvumo akafurahi. "Dada mzima huyo!" Akazidi kukaza kichwa.

Vuuu ikawa vu. Vu ikawa kimya.

"Dada?"

Akachomoa kichwa, akaingia, akapapasa gizani. Akagusa mbawa zilizochakaa. "Dada, ni mimi. Nilikuwa nakulinda." Lakini Mwanatumu alikuwa amekwisha kufa kwa uchovu.

Malkia hakumwadhibu. Alikaa naye chini, wakalia.

Jamani, kumpenda mtu hakutoshi. Anayebisha aulizwe jina, na anayelinda aulize hali ya aliyemo ndani.

Na shangazi yenu Zuwena, anayekonda huku anakula, anayetoka jasho kipupwe chote, msimcheke tena. Daktari kasema kingamwili zake zinabisha kwa umbo la homoni, ule mjumbe wa mwilini, na tezi ya shingoni inafungua, inafanya kazi bila kupumzika. Ni walinzi wake mwenyewe, ndiyo balaa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mmoja wenu ampelekee shangazi maji, amuulize ameamkaje.