Mia Mbili Badala ya Mia Nne

Ndugu zangu, sogeeni mbele, mabenchi ya mbele hayaumi. Leo nataka niwapeleke vitani kidogo.

Palikuwa na sajini mmoja katika kikosi cha mizinga cha akiba. Jina simpi, maana nikimpa mtaanza kumtafuta katika koo zenu. Mnajua askari wa akiba ni watu gani? Si wale wanaolala kambini mwaka mzima. Ni watu kama sisi. Huyu sajini alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Aliyempakilia makombora alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mfyatuaji wake alikuwa kinyozi. Kila mwaka waliitwa mara moja, wakavaa magwanda yanayowabana tumboni, wakafanya mazoezi, wakarudi kwa wake zao. Askari wa kudumu waliwacheka, wakawaita wanajeshi wa likizo.

Lakini kikosi kile kilikuwa na historia yake. Babu zao ndio waliokianzisha, enzi za vita kubwa, wakiivuta mizinga kwa kamba na maksai kupandisha milima. Wakati ule mpiga mzinga alimwona adui kwa macho yake. Akimkosa, anajua amemkosa. Baadaye ikaja mizinga ya kupiga mbali, ikafichwa nyuma ya milima, na mpiga mzinga akawa kama kipofu. Kombora lake linapita juu ya vichwa vya wenzake, linavuka mlima, linaangukia mahali asipopaona. Nani atamwambia limeanguka wapi? Ndipo wakamweka mtu mbele, juu ya kilima, na darubini na redio. Wakamwita mwangalizi. Na babu wale, baada ya kuzika vijana wengi waliouawa na makombora yao wenyewe, wakaacha sheria: mwangalizi akisema, mzinga unatii. Awe mdogo kwako kwa cheo, awe hajui kuvaa kofia vizuri, yeye ndiye anayeona.

Sasa sikilizeni. Mwangalizi wa kikosi kile alikuwa muuza vipuri vya baiskeli, na ndiye aliyemsimamia sajini siku ya ndoa yake. Walikuwa marafiki wa kuazimana mashati. Mwaka mmoja, kwenye mazoezi, kombora likapotea, likaangukia zizi la mkulima. Wakubwa wakauliza, "Ni mzinga upi?" Wote wakanyamaza. Mwangalizi akasema, "Ni mzinga wa rafiki yangu huyu. Alikosea kipimo."

Ilikuwa kweli. Sajini mwenyewe alijua kuwa ni kweli. Lakini cheo alichokuwa anakingojea kikaenda kwa mwingine, na tangu siku hiyo hakumsalimia tena yule bwana. Walisali kanisa moja, wakaimba wimbo mmoja, lakini huyu akitokea mlango wa kulia, yule anatokea wa kushoto. Miaka ikapita hivyo.

Mbona mnainamisha vichwa? Mimi nasimulia habari za wanajeshi.

Vita ikaja kweli. Adui alivuka mpaka, na askari wa kudumu wakawa wachache, wakaitwa wale wa likizo. Vijana wa mji ule waliingia jeshi la miguu, baba zao wakaenda kwenye mizinga. Mtoto wa kwanza wa sajini akawa mbele na bunduki. Sajini akawa nyuma na mzinga, kazi yake kumlinda mwanawe asiyemwona.

Asubuhi ya siku hiyo vijana walivuka mto, wakachimba mahandaki ng'ambo. Sajini akaweka alama ya kalamu nyekundu kwenye ramani yake: hapa ndipo alipo mwanangu. Mizinga mingine ilikuwa bado njiani, malori ya kikosi ni ya zamani, yamezama kwenye matope. Mzinga wa sajini tu ndio uliokuwa umefika. Kwa hiyo hapakuwa na ofisa katikati. Ilikuwa redio ya mwangalizi kilimani na redio ya sajini, basi.

Jua lilikuwa limepanda waliposikia risasi ng'ambo ya mlima. Kwanza chache, halafu kama mvua juu ya bati. Redio ikakoroma.

"Mzinga, hapa Kilima. Adui amewashambulia vijana wetu."

Sajini aliijua sauti ile kabla haijamaliza neno la kwanza. Akapewa vipimo, akapiga kombora la kwanza. Ardhi ikatetemeka, moshi ukawapanda puani, wakasubiri.

"Limepita, liko mbali. Punguza mia nne."

Punguza mia nne, maana yake lete kombora mita mia nne karibu zaidi na watu wetu. Sajini akaitazama ramani. Akapima kwa kidole. Ukipunguza mia nne, kombora linaangukia juu ya ile alama nyekundu.

Akashika redio. "Kilima, rudia."

"Punguza mia nne."

"Pale wako watoto wetu!"

"Hawapo tena. Wamesukumwa wakarudi ukingoni mwa mto. Mahandaki yao ameingia adui, anawapigia kutoka humo."

"Mimi hakuna aliyeniambia."

"Mimi nakuambia. Nawaona kwa macho yangu. Punguza mia nne, haraka!"

Ndugu zangu, ingekuwa wewe? Jasho lilimtoka sajini, likamwingia machoni. Sheria aliijua. Aliifundisha yeye mwenyewe kwa wale wageni wa kikosi. Lakini moyoni ilisema sauti nyingine: Mtu huyu ndiye aliyenimaliza. Leo akikosea, mwanangu atakufa kwa mkono wangu, na yeye atasimama mbele ya wakubwa aseme tena, ni mzinga wa yule.

Sasa, hakukataa. Angekataa, pengine mwalimu na kinyozi wangepiga kelele, wangemkumbusha sheria. Alifanya jambo la mtu mwenye busara. Alitafuta katikati.

"Punguza mia mbili," akaamuru.

Mwalimu akageuka, kombora mikononi. "Afande, sisi tumesikia mia nne."

"Nimesema mia mbili!"

Wakapiga mia mbili. Kombora likavuka mlima. Ng'ambo risasi hazikupungua hata kidogo.

Halafu sauti ikaja. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka.

"Nimekuomba mia nne, umenipa mia mbili. Limeangukia shamba tupu. Sajini, kama unanichukia, nichukie kesho. Leo nipe mia nne."

Sajini akafumba macho. Akaona sura ya mwanawe. Akamwambia mwalimu, "Punguza mia mbili nyingine," na kinyozi akafyatua.

Wakasubiri.

"Papo hapo! Usibadilishe kitu. Endelea kupiga!"

Wakapiga mpaka bomba la mzinga likawa halishikiki kwa moto. Risasi za ng'ambo zikapungua, zikawa moja moja, zikanyamaza. Adui akayaacha mahandaki, akakimbia, na vijana wakaokoka. Jioni wakarudi kuvuka mto, na sajini akamwona mwanawe anakuja barabarani, matope mpaka kiunoni, mzima. Akamkumbatia mbele ya watu, sajini mzima analia kama mtoto mchanga.

Mnafurahi? Subirini.

Sajini akasema moyoni, leo ugomvi umekwisha. Nitamwendea rafiki yangu, nitamshika mkono. Akamkuta ameketi chini ya kilima chake, anakunja waya wa redio polepole.

"Ndugu yangu," sajini akasema, na lile neno lilikuwa halijatoka kinywani mwake kwa yule mtu miaka mingi. "Umeniokolea mwanangu."

"Nilimwona," mwangalizi akajibu. "Kijana hodari. Alikuwa amemwinamia mpwa wangu, anamfunga jeraha."

Sajini alimjua mpwa huyo. Mama yake alifariki akiwa mdogo, na mjomba ndiye aliyemlea, akamfundisha kutengeneza baiskeli. Asubuhi nzima sajini alikuwa amemwaza mwanawe. Hakujiuliza hata mara moja yule wa kilimani naye ana nani kule ng'ambo.

"Mpwa wako yukoje?"

Mwangalizi akaendelea kukunja waya. "Hakuvuka mto kurudi."

"Alipigwa lini?" Sajini aliuliza, na alipouliza tu alitamani kulirudisha swali.

Yule mtu akainua macho. "Baada ya kombora lako la pili," akasema. "Kabla ya la tatu."

Hakupiga kelele. Hakumshitaki kwa wakubwa. Sajini akaketi chini pale pale kwenye nyasi. Kesho yake alimwomba mwangalizi ruhusa ya kulibeba jeneza, naye akaruhusiwa. Na tangu mazishi yale walisalimiana. Walisalimiana vizuri sana, kila Jumapili, kwa mikono miwili, mpaka walipozeeka. Lakini kijana aliyekuwa atengeneze baiskeli za mji ule amelala udongoni, kwa sababu salamu ilichelewa kwa kombora moja.

Sasa tuzungumze sisi.

Sisi nasi hatuoni ng'ambo ya mlima. Neno unalolisema leo nyumbani linavuka, linaangukia maisha ya mtu usiyemwona. Na Mungu hajatuacha vipofu. Ametuwekea watu wanaoona pale tusipoona. Tunalalamika eti Mungu hasemi nasi. Anasema! Sisi hatuupendi mdomo anaoutumia. Anasema kwa shemeji uliyemnunia. Anasema kwa yule mama wa jumuiya aliyewahi kukusema ukweli mbele ya watu. Unasikia, unajua kabisa kuwa ni kweli, lakini unaitazama ramani yako ya asubuhi, unamtazama na aliyesema, unasema, huyu? Huyu huyu?

Na sisi watu wa kanisa hatukatai, wapendwa. Kukataa ni dhambi, tunaijua. Sisi tunapunguza mia mbili. Umeambiwa binti yako ana shida kule anakokaa, umeambiwa na jirani usiyempenda. Hukupuuza. Ulipiga simu moja, ukauliza, "Hujambo?" Akasema hajambo, ukakata. Hukutaka kusafiri kwenda kumwona, maana ungesafiri jirani angejua alikuwa sahihi. Umeambiwa uache pombe, ukahamia ya bei nafuu. Umeambiwa umwombe mkeo msamaha, ukamnunulia kitenge.

Nusu ya utii inatuliza dhamiri yetu sisi tulio salama nyuma ya mlima. Yule aliye ukingoni mwa mto haimsaidii kitu.

Sitawaombea leo kuhusu jambo hili, maana mnalijua. Yuko mtu aliyekuambia kweli, ukamchukia kwa ajili ya kweli hiyo. Unamwona usoni sasa hivi, nami naona umemwona. Mwendee leo. Salamu peke yake haitoshi. Muulize ni nini alichokuwa anakuambia, kisha ukakifanye chote, maana mtu wako wa ukingoni mwa mto bado yu hai.