Chui Alipotaka Kuwa Bibi Arusi

Mpo?
Tupo.
Masikio yenu?
Yako wazi.
Na mikia?
Tumeikalia.

Basi ikalieni vizuri, maana hadithi hii inawasha. Mmoja akianza kujikuna, mwenzake naye atajikuna, na mimi sitafika mwisho.

Palikuwa na wanaume wanne, watu wazima wote. Pimbi, yule mdogo wa majabalini. Nungunungu mwenye miiba. Muhanga, mchimbaji, pua yake ndefu kama mchi. Na Digidigi, mwembamba, mwenye haya. Wote walikuwa na wake, wote walikuwa na watoto, na Muhanga alikuwa ameshaitwa babu.

Kila alasiri, kazi zikiisha, walishuka kwenye korongo moja lenye mawe. Huko walikuwa na pango la vitu vyao: vibuyu vilivyopasuka vya kuvaa kichwani, ndevu za mahindi, kanzu za majani makavu ya mgomba, shanga za maganda ya konokono. Wanavaa, wanacheza. Leo harusi, kesho baraza la mfalme, keshokutwa mganga na mgonjwa. Muhanga akivaa ndevu za mahindi, sauti yake inageuka yenyewe inakuwa ya kadhi. Digidigi, ambaye nyumbani hasemi neno mpaka aulizwe, akivaa kibuyu anakuwa jemadari, anafoka mpaka mawe yanaitikia.

Wake zao walijua. Mama Chausiku, mke wa Pimbi, alikuwa akimwambia mumewe, "Baba Chausiku, mvi zimefika masikioni, na bado unajivika majani?"

Pimbi hujibu, "Nikiyavua nitakuwa mimi tu, mke wangu. Ngoja kidogo."

Siku moja Chui alipita juu ya korongo. Akasikia kicheko, akachungulia.

"Mnafanya nini?"

"Tunacheza, bwana."

"Watu wazima?"

"Watu wazima, bwana."

Chui akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikamwisha, akabaki anatazama kibuyu cha Muhanga, mfalme wa siku ile. Mkia wake ukaanza kupiga mawe, pa, pa, pa.

"Nipe hiyo kofia," akasema.

Akapewa. Akaivaa, ikamkaa upande. Akatembea kwa maringo, akarudi, akatembea tena.

"Nani mfalme hapa?"

"Muhanga ndiye mfalme, bwana."

"Nani mfalme hapa?"

"Wewe, bwana."

"Nani kadhi?"

"Wewe, bwana."

"Nani mganga?"

"Wewe, bwana."

Digidigi ndiye aliyekuwa mgonjwa siku ile, amelala juu ya jiwe, anagumia vizuri kabisa. Chui akamwinamia, akamgusa tumbo, akamgusa paja. Akasema, "Mgonjwa huyu hatapona." Akamla palepale, kofia ingali kichwani. Kisha akajifuta midomo kwa ndevu za mahindi.

"Mchezo mzuri huu," akasema. "Kesho tena. Asiyekuja nitamfuata nyumbani, na huko nitakuta na watoto."

Akaondoka. Wale watatu wakabaki na mavazi yao mwilini, hakuna aliyekumbuka kuyavua.

Asubuhi iliyofuata Pimbi hakuweza kukaa. Anakaa, anainuka. Anachungulia nje, anarudi. Anachukua jani, analitafuna upande mmoja, analitema, anachukua jingine. Mama Chausiku alimtazama mpaka akachoka kumtazama.

"Baba Chausiku, kaa chini."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Pimbi akakaa, akainuka. Akamweleza mkewe yote, mpaka ya Digidigi. Mke wa Digidigi alikuwa rafiki wa Mama Chausiku, na tangu jana alikuwa akipita huku na huko majabalini akiuliza kila mtu kama amemwona mumewe.

"Huyo Chui," Mama Chausiku akasema, "anapenda nini katika huo mchezo wenu?"

"Anapenda kile alicho nacho mwenzake."

Mama Chausiku akainuka, akaenda ndani. Akarudi na kanga nyekundu, ile iliyopeperushwa na upepo kutoka kwenye kamba za binadamu, ambayo hakuivaa wala hakumruhusu mtu kuigusa. Akamwekea mumewe miguuni.

"Miaka yote mmecheza ovyo ovyo," akasema. "Leo chezeni sawasawa."

Pimbi akaitazama ile kanga. Masikio yake yakasimama. Akatoka mbio, akawapitia Nungunungu na Muhanga, wakakaa wakinong'ona nyuma ya jabali. Muhanga akaenda kukata mianzi. Nungunungu akaenda kuchuma majani ya mhina. Pimbi akayatwanga juu ya jiwe, twa, twa, twa, kwa haraka hata akajitwanga kidole.

Alasiri Chui akaja. Akavaa kofia ya mfalme, akakaa juu ya jiwe kubwa, akangoja kuamkiwa. Hakuna aliyemwamkia. Wote walikuwa upande wa pili, na katikati yao Pimbi amekaa juu ya kitanda cha mianzi, amefunikwa kanga nyekundu, ameinamisha kichwa. Muhanga anampepea. Nungunungu amechomoa mwiba wake mmoja, anauchovya kwenye hina, anamchora maua kwenye kidole, polepole, ulimi nje.

"Mfalme amefika," Chui akasema.

"Karibu, mfalme," Muhanga akajibu bila kugeuka. "Kaa popote. Leo ni siku ya bibi arusi."

Chui akakaa. Akainuka. Akazunguka kile kitanda mara moja, akazunguka tena. Mkia unapiga mawe, pa, pa, pa.

"Mbona mimi hakuna anayenitazama?"

"Watu wakija harusini, bwana, humtazama bibi arusi. Mfalme naye huja kumtazama bibi arusi."

Chini ya kanga, Pimbi aliziona nyayo za Chui zinakaribia. Akashusha pumzi, akainamisha kichwa zaidi kidogo, kama bibi arusi mwenye haya. Akapendeza kweli. Muhanga mwenyewe alisahau hatari iliyokuwapo, akapiga kigelegele.

Chui hakuweza tena. "Toka hapo," akasema. "Mimi ndiye bibi arusi."

Pimbi akashuka, akanung'unika kidogo, maana aliyenyang'anywa hana budi kununa. Chui akapanda. Kanga ikamfunika mpaka puani.

"Na mimi nitakuwa somo wako," Pimbi akasema, sauti sasa ya bibi mmoja aliyekwisha kufunda wasichana wa mji mzima. "Sikiliza, mwanangu. Bibi arusi hasemi na watu. Bibi arusi hainui macho. Bibi arusi hakanyagi chini."

"Najua," Chui akasema. "Nipakeni hina."

Wakampaka hina. Mguu huu, ukafungwa kwa majani ya mgomba, ukakazwa kwa kamba ya mkonge. Mguu ule, majani, kamba. Miguu ya nyuma nayo, majani, kamba. Kisha wakaifunga kitandani.

"Mbona mnakaza hivyo?"

"Hina isipokazwa haikolei, mwanangu. Unataka iwe hafifu kama ya watu wa hivi hivi?"

"Kazeni," Chui akasema.

Muhanga akajifunga kamba kiunoni, akaanza kukivuta kitanda kuteremka korongo, buruu, buruu, buruu. Nungunungu anasukuma kwa nyuma. Pimbi anatembea kando, anapiga kibuyu, anaimba kuwa bibi arusi anapelekwa kwa mumewe.

"Somo."

"Naam, mwanangu."

"Pua inaniwasha."

"Bibi arusi hajikuni."

Buruu, buruu, buruu.

"Somo."

"Naam, mwanangu."

"Nasikia kama maji yanavuma."

"Ni wageni wa upande wa mume. Wamejaa uani."

Wakafika mtoni. Mvua za juu zilikuwa zimeujaza, maji mekundu yanakwenda kasi. Muhanga akaifungua kamba kiunoni, akaja nyuma, wote watatu wakaweka mabega. Nungunungu akamnong'oneza Pimbi, "Akifunguka je?" Pimbi akasukuma tu, na mwenzake naye akasukuma.

Chubwi.

"Somo."

"Naam, mwanangu."

"Mbona kitanda kinayumba?"

"Wajomba wamekubeba juu, wanakuchezesha."

"Somo, mbona nimelowa?"

"Ni marashi, mwanangu. Wanakurushia marashi." Na sauti ya Pimbi sasa ilikuwa ya kupiga kelele, maana kitanda kilikuwa kimeshafika mbali.

"Somo."

Hakuna aliyeitika.

"Somo?"

Mianzi ikapinda kona pamoja na kanga nyekundu, ikatoweka. Baadaye watu wa mbali, chini kabisa ya mto, walisema walimwona mnyama akitoka majini, viatu vya majani miguuni, akiuliza kila anayemkuta nyumba ya bwana harusi iko wapi. Huko kwao hakurudi.

Wale watatu wakaenda kwanza kwa mke wa Digidigi. Wakamweleza, wakakaa naye mpaka akamaliza kulia. Kisha wakakubaliana kuwa michezo imekwisha. Walikuwa watu wazima, na mwenzao alikufa katika mchezo. Wakalifunga pango kwa mawe.

Wakawa wanakutana alasiri barazani kwa Pimbi, wanazungumza habari za mvua. Wanazungumza habari za mvua. Muhanga anatikisa mguu. Nungunungu anajikuna mgongo, miiba inalia chakacha. Pimbi anakaa, anainuka.

"Mvua zimekuwa nzuri," Muhanga akasema.

"Nzuri sana," Nungunungu akasema.

Mama Chausiku alikuwa mlangoni anachambua mboga, anawatazama kwa pembe ya jicho.

Muhanga akakohoa. Akaangalia chini, akasema polepole, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Kama tungeicheza ile siku... nasema kama tu... nani angekuwa Chui?"

Wote watatu wakasimama kwa pamoja.

"Mimi," wakasema.

Mama Chausiku akaendelea kuchambua mboga. Walipokwisha kutokomea kule korongoni, akaziweka kando, akamfuata mke wa Digidigi, wakaenda kutazama.

Funzo la hadithi hii liko wazi. Mwanamume aliyekwisha kuota ndevu asijivike majani akajifanya hiki na kile, maana mchezo haujamsaidia mtu yeyote hata siku moja. Asiyeamini na amuulize Chui.

Hadithi yangu nimeitua. Aliyesikia vibaya ajilaumu mwenyewe, aliyesikia vizuri aniletee maji ya kunywa.